Kutembea Mikokoni na Ufukweni: Mwongozo wa Misimu, Maji na Viumbe wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa kusini, mwalimu mwenye wanafunzi wake, au mgeni kutoka mikoa mingine anayetaka kutembea kwa miguu katika ardhioevu za umma za Mtwara na Lindi na kuwaona ndege, kasa, nyangumi na mikoko kwa wakati wake, bila kuharibu kitu na bila kujiweka hatarini. Maeneo yanayohusika ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Mtwara iko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na ukubwa wa takribani kilomita za mraba 650, na karibu zaidi na mji iko Ghuba ya Mikindani. Lindi ina mlango wa Mto Lukuledi, ambao unaonekana kutoka mjini kwenyewe, ina Ziwa Rutamba upande wa bara, na ina mwambao wa Kilwa, ambao pamoja na Rufiji na Mafia uliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Usitarajie kukuta kila mahali njia iliyojengwa kwa mbao na vibao vya maelezo. Kwa sehemu kubwa utapita katika vijia vya wavuvi, waokota tondo (konokono wa baharini) na wakata chumvi, na vijia hivyo hutoweka chini ya maji mara mbili kila siku. Kwa hiyo matembezi ya huku hayapangwi kwa saa ya mkononi peke yake. Hupangwa kwa msimu kwanza, kisha kwa mwezi, kisha kwa maji.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kulingana na unachotaka kuona

Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, na ndani ya mwaka huohuo kuna pepo mbili: kaskazi, inayovuma takribani kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi, inayoshika kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba. Viumbe wengi wa pwani hufuata mpangilio huo.

Ndege wahamao hufika kuanzia mwishoni mwa Agosti na Septemba, wakitoka Ulaya, Asia na pwani za Uarabuni, na hukaa hadi Machi au Aprili. Hapo ndipo utawaona vitwitwi wa aina nyingi, sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, na membe wakiwa makundi makundi kwenye tope. Anayetaka ndege na asiyependa mvua achague Septemba, Oktoba na Novemba mwanzoni, kwa sababu ndege wamekwisha kufika na barabara za vijijini bado ni kavu. Binafsi naona Oktoba ndio mwezi bora kuliko yote kwa mtu mwenye nafasi moja tu kwa mwaka, kwa kuwa kusi imepungua nguvu, bahari imetulia, ndege wapo, na nyangumi wa mwisho huwa bado hawajaondoka.

Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari baridi za kusini ya dunia kuja kuzaa na kunyonyesha katika maji ya joto ya Afrika Mashariki, na huonekana katika mwambao wetu kuanzia Julai hadi Oktoba, baadhi yao hadi Novemba. Mabwawa na maziwa ya maji baridi, kama Rutamba, hupendeza zaidi mvua zinapokoma, Mei na Juni, wakati maji ni mengi, yungiyungi zimechanua na vumbi halijaanza.

Kuanzia Januari hadi Mei chukua tahadhari ya barabara kabla ya tahadhari nyingine yoyote. Mvua kubwa za mwaka 2024, zilizofuatiwa na Kimbunga Hidaya mwezi Mei mwaka huohuo, zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga wilayani Kilwa na kuwaacha wasafiri wengi njiani. Sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania za siku hiyo na za siku inayofuata, na ikitolewa tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa, ahirisha.

Hatua ya pili: soma maji kabla hujapanga siku

Hatua hii ndiyo muhimu kuliko nyingine zote, na ndiyo ambayo wageni huiruka. Bahari hujaa na kupwa mara mbili ndani ya siku moja, na kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita saa sita na dakika kadhaa. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kukauka sana. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakauki sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua katika pwani yetu huzidi mita 3, kiasi cha kumzamisha mtu mzima aliyesimama.

Kanuni ambayo wavuvi huitumia bila kitabu ni hii: siku za bamvua, katika pwani ya Mtwara na Lindi, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka karibu na saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha tena usiku. Ukijua kwamba leo ni mwezi mpevu, unajua kuwa kesho maji yatachelewa kukauka kwa karibu saa moja kuliko leo, na keshokutwa hivyo hivyo. Baada ya wiki moja hali huwa imegeuka, na saa nne asubuhi unakuta maji yamejaa. Kwa uhakika zaidi tumia jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, ambalo lina ukurasa wa bandari ya Mtwara, na bado muulize mvuvi mmoja pale ufukweni, kwa kuwa upepo wa kusi unaweza kuyasukuma maji yakaja mapema.

Ukishajua saa ya maji kukauka, panga hivi: ingia mikokoni au kwenye tope saa mbili kabla ya maji kufika mwisho wa kukauka, na uwe umeanza kurudi mara tu yanapoanza kujaa. Maji hayarudi kwa mstari mmoja kutoka mbele yako. Huingia kwanza kwa mikondo na mahori (vijito vya bahari) yaliyo nyuma yako, na mtu aliyesimama kwenye mchanga mkavu akipiga picha hushtukia njia aliyoijia imekwisha kuwa mto. Ulipovuka hori maji yakiwa kifundoni, weka alama akilini, na maji yakifika hapo kwenye goti wakati wa kurudi usijadiliane. Vuka mara moja au panda nchi kavu iliyo karibu.

Hatua ya tatu: omba ruhusa na lipa panapolipiwa

Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, na humo mgeni hulipa kiingilio. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali kupitia benki au simu, na unapaswa kupewa stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi kwamba atakulipia baadaye. Misitu ya mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kukata hata fito moja bila kibali ni kosa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yana utaratibu wake wa kibali unaopatikana Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Nayataja hapa kwa sababu anayekwenda Songo Mnara hupita pembeni mwa mikoko na mara nyingi hushuka ndani ya maji, kwa hiyo safari ya magofu ni safari ya ardhioevu pia.

Hata mahali ambapo hakuna kiingilio, anzia ofisi ya kijiji. Mweleze mtendaji au mwenyekiti unatoka wapi, mko wangapi, mnakwenda upande gani na mnatarajia kurudi saa ngapi. Katika vijiji vya kando ya Ruvuma jambo hili ni la lazima kwa busara ya kawaida, kwa kuwa mto huo ndio mpaka wetu na Msumbiji: chukua kitambulisho, fuata maelekezo ya vyombo vya usalama, na usipande mtumbwi kuelekea ng'ambo bila kufuata taratibu za uhamiaji. Msimbati na Madimba kuna visima na mitambo ya gesi asilia, usiipige picha.

Mwombe mtendaji akutafutie mwenyeji wa kukuongoza, na mkubaliane malipo kabla ya kuondoka. Mtu aliyekulia kwenye tope la Mikindani au Mngoji anajua mahali panapobeba mguu na mahali panapomeza, na hakuna ramani ya simu inayokuonyesha hilo. Mkikutana na kina mama wanaookota tondo au kuchokoa pweza, tangulieni kuamkia. Ukishasema «Shikamoo mama» na kuitikiwa «Marahaba mwanangu», hapo ndipo unaweza kuuliza habari za siku na kuomba kupiga picha, na akikataa, basi. Wale wapo kazini, na njia unayoipita ni yao kabla ya kuwa yako. Vaa nguo za heshima. Kwa wanawake kanga ya ziada haikosi kazi, na kwa wanaume kaptula iliyovuka magoti inatosha.

Hatua ya nne: vaa na beba vitu vichache vinavyofaa

Viatu ndivyo vya kufikiria zaidi. Kandambili hubaki kwenye tope hatua ya tatu, na kutembea pekupeku ni hatari kwa sababu mizizi ya mikoko hubeba chaza wenye makali ya wembe. Vaa viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino au raba kuukuu zenye kamba. Chukua maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu, kofia, nguo ya mikono mirefu, dawa ya kufukuza mbu, bandeji, na mfuko wa plastiki wa kuhifadhia simu. Darubini moja hutosha watu wanne wakipokezana. Taka zote mrudi nazo.

Hatua ya tano: tembea mikokoni ukiangalia chini na juu

Ingia kwa kijia kilichopo na usikitanue. Miche ya mikoko iliyoota pembeni ina urefu wa kiganja tu, na kundi la watu ishirini wanaotembea kwa upana humaliza miche ya miaka miwili kwa asubuhi moja. Tembeeni kwa mstari mmoja.

Anza kujifunza kutofautisha miti, kwa kuwa kila mmoja una nafasi yake kutokana na kiasi cha maji na chumvi unachovumilia. Ukingoni kabisa mwa bahari, mahali panapopigwa na mawimbi, mara nyingi utakuta mililana yenye mizizi minene iliyochomoza kwenda juu. Nyuma yake, kwenye tope laini, ndipo ilipo mikoko yenyewe, yaani mkoko wenye mizizi ya matao inayoshuka kutoka shinani. Mbegu yake huota ikiwa bado imening'inia mtini, ikarefuka, kisha ikadondoka na kujichoma kwenye tope au kuchukuliwa na maji. Mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi nyekundu, na msindi hukaa ndani zaidi. Mkomafi unautambua kwa tunda lake la mviringo, kubwa kuliko chungwa, lililojaa mbegu zilizobanana.

Mchu ndio wa kusimama na kuuchunguza. Unaota pembezoni mwa bahari na tena kule nyuma karibu na nchi kavu, kwenye chumvi kali ambako mingine haistahimili. Chini yake ardhi imejaa mizizi myembamba iliyosimama wima kama penseli, mamia kwa mamia, nayo ndiyo inayoupatia mti hewa, kwa kuwa ndani ya tope hewa hakuna. Ndiyo maana usiikanyage. Shika jani moja ukiwa umeliacha palepale kwenye tawi, ligeuze, uone upande wa chini ulivyo mweupe wa fedha, kisha pitisha kidole upande wa juu na ukiguse kwa ulimi. Ni chumvi. Mti huu huinyonya pamoja na maji na kuitoa kwa majani, na asubuhi ya kiangazi isiyo na umande utaziona punje zake kwa macho.

Simama kimya dakika tano bila kutikisika. Kaa wadogo waliokimbilia mashimoni watatoka, na madume yao yataanza kupunga gando moja kubwa kuwaita majike. Samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa watapanda kwenye mizizi na kuruka juu ya tope, kwa sababu wanaweza kupumua wakiwa nje ya maji ilimradi ngozi yao haijakauka. Mikoko hii pia ni malezi ya kamba na ya samaki wengi wanaovuliwa baadaye nje ya ghuba, na mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi vifaranga hao wa samaki katika vidimbwi vilivyobaki bila kuwavua.

Hatua ya sita: waangalie ndege wakati maji yanapojaa, na usiwarushe

Watu wengi huenda kutazama ndege maji yakiwa yamekauka kabisa, kisha hulalamika kwamba ndege wako mbali mno. Ni kweli, kwa sababu wakati huo wametawanyika kilomita nzima kwenye tope wakila. Kaa ufukweni, jua likiwa mgongoni mwako, saa mbili kabla ya maji kujaa, na uache maji yakuletee ndege. Watarudi nyuma hatua kwa hatua hadi wabanane kwenye ulimi wa mchanga usiofunikwa, na hapo utawahesabu kwa raha.

Katika Ghuba ya Mnazi mtafute ndege mla kaa. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi usiolingana na mwili wake. Hutembea taratibu, akasimama, akakimbia hatua tatu, akamkamata kaa na kumpigapiga hadi miguu ing'oke kabla ya kummeza. Hazaliani hapa kwetu. Huzaliana katika visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani za jirani, ambako huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai jeupe, kwa kawaida moja tu. Katika ndege wa jamii ya fukweni ni yeye peke yake anayetaga ndani ya shimo namna hiyo. Ghuba ya Mnazi inajulikana kimataifa kwa wingi wa ndege hawa wakati wa msimu wao wa kukaa kusini.

Nasisitiza kutowarusha kwa sababu nzito. Mwezi Machi na Aprili vitwitwi hula karibu bila kupumzika ili wajaze mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na baadhi yao huongezeka uzito kwa kiasi kikubwa sana katika wiki chache. Kila wanaporushwa na mbwa, na watoto wanaokimbia, au na pikipiki inayopita juu ya mchanga, hupoteza mafuta hayo na muda wa kula. Ndege wakinyanyua vichwa wote kwa pamoja, umekaribia mno, rudi nyuma. Ufuko wa Msimbati ni mgumu kiasi cha gari kupita juu yake, na wenyeji hupita kwa lazima ya safari, lakini mtembezi hana sababu ya kuendesha chombo hadi kwenye kundi la ndege.

Hatua ya saba: nyangumi na kasa

Nyangumi huonekana hata bila mashua. Kaa Ruvula au Msimbati asubuhi mapema kabla upepo haujaanza kukoroga bahari, na utafute kwa darubini mvuke unaopanda juu ya maji. Ukikodi mashua, mwambie nahodha asikaribie chini ya mita 100, asipite mbele ya nyangumi wala kati ya mama na mtoto wake, na apunguze mashine. Vaeni majaketi ya kuokolea maisha; chombo kisicho nayo msipande.

Kasa wa kijani na ng'amba wamo katika maji yetu, na majike hupanda ufukweni usiku kutaga. Ukikutana naye zima tochi, kaa nyuma yake, na usisogee mpaka awe ameanza kudondosha mayai. Mayai hukaa mchangani takribani siku 50 hadi 60, kisha vitoto hutoka usiku na kufuata mwanga wa upeo wa bahari. Taa ya hoteli au moto wa kambi huwapoteza wakaelekea bara. Kuchukua mayai au kumchinja kasa ni kosa kisheria.

Hatua ya nane: kwenye maji baridi, masharti ni mengine

Ruvuma na Ziwa Kitere, lililoko Mtwara, kuna mamba na viboko. Usioge, usinawe ukingoni, usisimame chini ya mita tano kutoka kwenye maji, na usipite kwenye mapito ya viboko alfajiri au jioni, kwa kuwa wao hutoka usiku kula majani na humwona aliyesimama kati yao na maji kuwa adui. Uliza wenyeji mahali salama pa kusimama na utazame ziwa kutokea hapo.

Rutamba ni pa kwenda na kukaa siku nzima. Furukombe hulia juu ya miti, yangeyange na kulastara husimama kwenye kina kifupi, na Msitu wa Hifadhi wa Litipo uko jirani kabisa, mmoja wa misitu michache duniani anakoishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia wenye manyoya yaliyotawanyika.

Ukirudi baharini, kumbuka kwamba nyenga au taa wenye mwiba hulala kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi, kwa hiyo buruza miguu badala ya kuinyanyua. Aliyechomwa atumbukize mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa sababu joto hupunguza makali ya sumu, kisha apelekwe kituo cha afya hata kama maumivu yamepoa.

Hatua ya tisa: andika na utoe taarifa

Andika tarehe, mahali, hali ya maji na idadi ya ndege kwa kila aina unayoitambua. Usiyoitambua ipige picha. Kila Januari hufanyika hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, na kumbukumbu za mtu anayerudi mahali palepale kila mwezi zina thamani kwa wataalamu, hasa katika mahori ya Lindi na Mikindani ambako wahesabuji ni wachache. Ukikuta ndege mwenye pete au kibendera mguuni, andika rangi, herufi na tarakimu bila kumfukuza. Ukikuta kasa aliyekufa, kiota cha kasa, mikoko iliyokatwa au nyangumi aliyekwama, toa taarifa siku hiyohiyo kwa ofisi ya hifadhi au ya kijiji, ukieleza mahali kwa usahihi na saa uliyopita, na mpe mwongozaji wako nakala ya ulichoandika, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa pale kesho.